Msuli wa kidole gumba ambao sokwe hana

Bana pingili ya chini ya kidole gumba chako kwa mkono wa pili, isitikisike, kisha kunja ncha peke yake. Kinachoivuta ni msuli ulioshika mfupa wa kigasha upande wa kidole gumba. Kano yake ndefu hupita kwenye kifundo cha mkono hadi pingili ya mwisho. Kwetu msuli huu unajitegemea. Kwa sokwe haupo hivyo: kano ya kidole gumba, ikiwepo, ni uzi mwembamba unaotoka kwenye msuli unaokunja vidole vingine.

Ndiyo maana sokwe wa Gombe akichokonoa mchwa hukibana kijiti kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada. Kukaza ncha kwa ncha, kama mtu anayepenyeza sindano kwenye turubai, ni kazi ngumu kwake, hasa kwa kuwa vidole vyake ni virefu na kidole gumba ni kifupi.

Mkono wake umeumbwa kwa kuning'inia. Kano za vidole ni fupi kiasi kwamba kifundo kikipinda nyuma, vidole hujikunja vyenyewe. Tena msuli mpana wa mgongo una tawi linaloshuka hadi karibu na kiwiko, ambalo binadamu kwa kawaida hana.

Kuhusu nguvu, watu hutia chumvi mno. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2017 vilionyesha kuwa msuli wa sokwe humzidi binadamu kwa takriban mara 1.35 tu. Karibu asilimia 67 ya nyuzi zake ni za kasi, wakati zetu nyingi ni za polepole, nazo huchelewa kuchoka.

Olduvai, Tanzania, mwaka 1960, ilichimbuliwa mifupa ya mkono wa binadamu wa kale, ya miaka takriban milioni 1.8, na pingili ya ncha ya kidole gumba ni pana, karibu na yetu.

Msuli huu wa kidole gumba ukizimika, dalili iko wazi. Mwambie mtu aunganishe ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada, atengeneze duara. Neva yake ya kigasha ikiumia, ncha zote mbili hunyooka, na badala ya duara vidole hugusana kwa matumbo yake, bapa. Lakini ukimwona mtu mzima wa afya ambaye kidole cha shahada hujikunja kila akikunja kidole gumba, usiogope: kano zake mbili zimeunganishwa tangu kuzaliwa.