Kwa nini mashine yetu kubwa ni nodi ya mwisho

Wiki jana kijana aliyejiunga nasi majuzi alikuwa akipitia vigezo vya kuwashia VTAM, programu ya IBM inayosimamia mawasiliano ya meinifremu, yaani kompyuta yetu kubwa. Akafika kwenye NODETYPE=EN, mstari unaosema mashine hiyo ni nodi ya mwisho (end node), si nodi ya mtandao (network node, NN), akanigeukia. "Madam, mashine inayobeba akaunti zote za wateja imeandikwa EN, nayo ile ndogo ya kando ni NN. Hapa si walikosea?"

Niliyeandika hivyo ni mimi, na hata leo ningeandika hivyo hivyo.

SNA ya IBM, kanuni zake za kuunganisha mashine kwenye mtandao, ilipotoka mwaka wa 1974, kila kitu kilipitia kwa meinifremu. Yeye ndiye aliyeamua nani aongee na nani. APPN, nyongeza ya SNA inayoziruhusu mashine kuongea bila kumtegemea meinifremu, ilikuja mwaka wa 1986 kwenye System/36, kompyuta ndogo zaidi ya IBM, kisha ikajengwa ndani ya AS/400 iliyoifuata, na miaka ya 1990 VTAM yenyewe ikaipokea. Mashine zikaanza kutafutana kama wenzao. Hata hivyo, kuwa wenzao hakukufanya kazi zao ziwe sawa.

Nilikulia kwenye ploti huko Umoja. Mgeni akimtafuta mama hakubisha mlango mmoja mmoja, alimuuliza keateka. Mama naye alikuwa ameshamwambia keateka ni nani wanaishi kwetu. Nodi ya mwisho hufanya vivyo hivyo: ikiamka, inafungua sesheni mbili, yaani maongezi mawili, na nodi moja ya mtandao ambayo ndiyo seva wake, moja ya kwenda na moja ya kurudi, kisha inaiandikisha majina ya programu zake. Ikitaka mwenza aliye mbali, inamwachia seva wake amtafute na kupanga njia. Baadaye inatuma BIND, ombi la kufungua sesheni na mwenza huyo, ikiwa na njia nzima ndani yake, kituo kwa kituo.

Mzigo wa kutunza ramani ya mtandao hauihusu. Kiungo kati ya nodi mbili za mtandao kikikatika, habari husambazwa kwa nodi zote za mtandao, na kila moja husahihisha ramani yake. Nodi ya mwisho haipokei habari hizo, wala haipitishi trafiki ya wengine. Ndiyo maana niliiweka kazi ya wateja pale. Sitaki mashine inayohesabu pesa za watu ishughulikie pia kiungo kilichoanguka kwingine.

Kijana aliuliza tena, na hapo ndipo nilipofurahi: "Keateka akifa je?"

Nikamsimulia usiku mmoja huko Upper Hill, katika kazi yangu ya zamani. Saa nane na dakika arobaini, katikati ya kazi za kufunga siku, nodi yetu ya mtandao ilianguka. Nilitazama skrini nikingoja matawi yote yakatike. Hayakukatika. Sesheni zilizokuwa wazi ziliendelea, kwa sababu data yao ilikuja moja kwa moja hadi kwenye nodi ya mwisho kupitia Enterprise Extender, inayobeba trafiki ya SNA juu ya IP, itifaki ya intaneti, bila kumpitia seva aliyeanguka. Hakuna hata muamala mmoja uliopotea. Ila tawi lililojaribu kufungua sesheni mpya lilikataliwa, kwa kuwa hapakuwa na wa kulitafutia mwenza. Simu zikaanza kulia.

Nodi ya mwisho inaweza kuhamia kwa seva mwingine. Yetu ilikwama kwa sababu orodha ya seva ilikuwa na jina moja tu. Nilikuwa nimeiona orodha hiyo miezi mingi na sikuwahi kuhesabu majina yaliyomo. Ilituchukua karibu saa nzima kuinua ile nodi, na muda wote huo mwenzangu wa zamu alikuwa kwenye simu akiyatuliza matawi.

Kijana hakusema neno. Alirudi kwenye skrini yake, akafungua orodha yetu ya sasa, akaihesabu kwa kidole: moja, mbili. Kisha akaniuliza kama kiungo cha kwenda kwa yule wa pili kimewahi kujaribiwa mwaka huu.

Hakijajaribiwa. Tumeweka Jumapili hii, saa tisa usiku.