Voliboli ya kukaa Goma: anzeni na sakafu

Wengi wanaotaka kuanzisha michezo ya watu wenye ulemavu hapa Goma hukimbilia kutafuta viti vya magurudumu vya basketi. Kiti cha mchezo ni ghali, hukipati Birere, mtaa wetu wa biashara, na kikivunjika, mwenyewe anabaki mtazamaji kwa miezi. Voliboli ya kukaa haitaki kiti hata kimoja. Aliyekatwa mguu, aliyepatwa na polio, aliyevunjika nyonga kwa ajali ya pikipiki, wote wanakaa chini na kucheza pamoja. Wavu na mpira si shida kubwa. Katika mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, shida ni sakafu.

Mchezaji hujisogeza kwa mikono na makalio, mpira baada ya mpira, saa nzima. Changarawe nyeusi ya volkano inakata kama chupa iliyovunjika, na chembe zake huingia kila mahali kwa viatu na kwa upepo. Kwa hiyo kabla ya mazoezi sakafu ifagiliwe, ipigwe deki, kisha mtu mmoja apitishe kiganja wazi kutoka kona hadi kona. Kiganja kikikwaruzika, hapo hapachezwi bado. Vidole vikae zaidi kwenye maungio ya sima, maana pale ndipo suruali huanza kuchanika, kisha ngozi.

Uwanja wenyewe ni mdogo: mita 10 kwa 6, na mstari wa mashambulizi mita 2 kutoka katikati. Mashindano yanataka nafasi ya mita 3 kuzunguka. Kwa mazoezi mita 2 zinatosha. Ukipiga sima mwenyewe, eneo la mita 14 kwa 10 lenye unene wa sentimita 5 linakula zege mita 7 za ujazo, yaani karibu mifuko 42 ya kilo 50 ukihesabu mifuko 6 kwa kila mita ya ujazo. Mawe ya chini yavunjwe na kushindiliwa vizuri, la sivyo sima itapasuka msimu wa kwanza wa mvua. Juu palainishwe kwa mwiko wa chuma, na pamwagiliwe maji siku 7. Mteremko wa milimita 5 kwa kila mita unatosha kuondoa maji. Lakini ushauri wetu ni kuomba kwanza ukumbi wa shule au wa parokia wenye sakafu laini, alasiri mbili kwa wiki. Turubai juu ya mawe linafaa siku moja ya kujaribu tu: linajikunja, linachoma juani, na jiwe kali hulipenya.

Nguzo mbili za eukaliptusi ndani ya matairi yaliyojazwa zege zinasimamisha wavu bila kuchimba mwamba. Kimo ni mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Pima katikati, kwa sababu kamba ikilegea wavu hushuka pale, na wachezaji wanazoea kimo cha uongo.

Kanuni inayowasumbua wapya ni ya kujiinua. Unapopiga shambulio, kuzuia au kuanzisha mpira, sehemu ya mwili kati ya bega na kalio lazima iguse sakafu. Aliye nyuma akiokoa mpira anaruhusiwa kuachana na sakafu kidogo tu. Jambo jingine: nafasi ya mchezaji inahesabiwa kwa makalio, si kwa miguu. Anayeanzisha mpira anaweza kunyoosha miguu ndani ya uwanja, mradi makalio yako nyuma ya mstari. Na mpira wa kuanzisha unaweza kuzuiwa pale pale kwenye wavu, jambo ambalo voliboli ya kusimama inakataza.

Kosa kubwa la mwanzo ni mikono kuwa sakafuni mpira unapofika. Fundisheni mwendo peke yake dakika 15, bila mpira: sukuma, tulia, inua mikono. Kisha tumieni mpira uliopunguzwa upepo, maana mpira mgumu huumiza vidole na wapya wanaanza kuuogopa.

Ndugu na marafiki wasio na ulemavu wakae chini wacheze nao, wasiishie kuokota mipira. Ila wasizidi wawili kwa kila upande wa watu 6, na mtu ahesabu nani anagusa mpira. Bila hesabu hiyo wao ndio watacheza, wengine watabaki kuwatazama.

Ngozi itunzwe kwa bidii. Suruali iwe ndefu, laini, isiyo na mifuko ya nyuma wala vifungo vya chuma. Pedi nene za kukalia haziruhusiwi katika mashindano. Mguu bandia uvuliwe, uwekwe juu ya kitenge kando ya ukuta, mbali na vumbi linalokwama kwenye kiungo. Baada ya mchezo mwenye kisiki, yaani sehemu iliyobaki ya mguu uliokatwa, akiangalie. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo aguse: penye joto au ugumu ambao haujaisha baada ya dakika 20, apumzike mpaka papone. Asiyehisi makalio yake kwa sababu ya jeraha la uti wa mgongo asicheze mchezo huu bila kumwona mtaalamu wa tiba ya viungo, maana anaweza kupata kidonda asikijue.

Ng'ambo ya mpaka, Rwanda ilipeleka wanaume wake Paralimpiki ya London 2012 na wanawake Rio 2016, kwa mchezo huu huu. Mkiandika barua ya kuomba ukumbi, tajeni kifungu cha 30 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kongo iliukubali mwaka 2015, na sheria ya Kongo ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki hizo. Pimeni pia mlango wa choo: chini ya sentimita 80, kiti cha magurudumu hupita kwa shida au hakipiti, na wanawake ndio wa kwanza kuacha kuja.

Nauli ya motari, dereva wa pikipiki ya abiria, iwekwe kwenye bajeti kabla ya jezi, naye aelezwe mapema kwamba atabeba magongo. Mazoezi yaishe saa kumi na moja, ili kila mtu afike kwake kabla ya giza.