Choo cha siku ya tatu

Mwanangu alikuwa na miezi minane alipoanza kuharisha na kila aliyemuona alisema neno moja tu, meno. Mama mkwe meno, jirani meno, na mimi nikakubali maana kweli fizi zilikuwa zimevimba na kila kitu anatia mdomoni. Ila siku ya tano roho ikaanza kunidunda, choo kimepauka, kina mafutamafuta, harufu yake nepi ukifua mara mbili haitoki. Damu hakuna, homa hakuna, tumbo tu limejaa gesi ukiligonga linalia kama ngoma.

Nikampeleka hospitali, kipimo cha choo kikasema hamna kitu, wakanipa ORS ya kurudisha maji mwilini na zinki ya miligramu 20, moja kwa siku, siku 10. Nikarudi nimetulia kabisa. Wiki ya pili ikaisha bado anaenda mara nne mara tano, na yale mapaja yake yaliyokuwa na mikunjo yakalegea, nikimbeba nahisi mbavu. Hayo mapaja sijayasahau mpaka leo.

Nikarudi tena, safari hii nikamkuta dada mmoja wa maabara akaniambia, "Mama, hawa wadudu hawatoki kwenye choo kila siku, niletee cha siku tatu tofauti, na kiwe kipya, usikilaze nyumbani." Cha kwanza hamna, cha pili hamna, cha tatu akaniita nichungulie kwenye hadubini, nikaona vitu kama vijiyai vidogo, akasema ndiyo hii jiadia, mdudu wa tumboni anayeleta kuharisha. Nilishika meza. Siku zote hizo nampaka dawa ya fizi!

Daktari akaandika metronidazo, dawa ya maji ya kuua hao wadudu, ya kupima kwa uzito wake, halafu akaniuliza maji ya mtoto. Nikamjibu haraka, nachemsha kila siku. Akasema sawa, na chupa na chuchu unasuuzia maji gani? Nikanyamaza, maana nilikuwa nasuuzia maji yaleyale ya ndoo tena mbichi, na yeye akanieleza kwamba hata vijiyai kumi tu vinatosha kumuumiza mtoto.

Usiku ule nilichemsha kila chupa iliyokuwa ndani. Dawa ni chungu, alikuwa anaitema nusu, namshika mashavu naye analia na mimi nalia. Siku ya nne nikafungua nepi nikakuta choo kizito, nikamwita baba yake aje aone.