Kwenda kumsalimia wakala wa bima

Siku za kazi nauza bima ya maisha. Jumapili napiga kinanda kwenye kwaya yetu ya Kiswahili hapa New Jersey. Basi niliposoma kwamba mmoja wa watunzi wakubwa wa muziki wa Marekani alikuwa wakala wa bima kama mimi, niliona huyu sharti nikamsalimie kaburini. Jumamosi moja ya Oktoba nikapanda treni Grand Central kwenda Danbury, Connecticut, alikozaliwa Charles Ives tarehe 20 Oktoba 1874.

South Norwalk unashuka na kubadilisha. Treni ya pili ni ya dizeli, ya taratibu, na kila inapokaribia kukatiza barabara inapiga honi. Wilton, Cannondale, Branchville. Nilikuwa nimevaa hedifoni nikisikiliza kipande chake kiitwacho Putnam's Camp, ambamo bendi mbili zinagongana, kila moja na mwendo wake. Honi ikaingia katikati. Nikarudisha nyuma nisikilize tena. Nilidhani ni trombone.

Ujanja huo aliurithi kwa baba yake, George, aliyeongoza bendi ya jeshi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Inasimuliwa kwamba aliwahi kuzituma bendi mbili zije zikikabiliana barabarani, kila moja na wimbo wake, asikie tu itakuwaje zikipishana. Nyumbani aliwaimbisha watoto kwa kii moja, yeye akipiga kwa kii nyingine. Mimi nikithubutu hilo Jumapili, kina mama wa sauti ya kwanza watanitoa nje na kinanda changu.

Danbury ulikuwa mji wa kofia; viwanda vyake vimekwisha. Nyumba aliyozaliwa Ives iling'olewa Main Street ikapelekwa Mountainville Avenue. Niliikuta imefungwa. Sikuwa nimepiga simu kabla, uvivu wangu mwenyewe, basi nikachungulia dirishani nikajiona mwenyewe kwenye kioo.

Makaburi ya Wooster ni makubwa kuliko nilivyodhani. Nilizunguka karibu saa nzima, majani makavu yakijaa kwenye viatu, hadi nikaliona jina. Nikakaa chini kwenye nyasi.

Akiwa na miaka 14 tayari kanisa lilikuwa likimlipa kupiga kinanda. Alisoma muziki Yale, akamaliza 1898, akaenda New York kufanya kazi ya bima. Miaka kadhaa baadaye akafungua ofisi na rafiki yake Julian Myrick, na ikaja kuwa kubwa kweli. Sifa yake katika biashara hii, ambayo wanamuziki huipita haraka, ni kijitabu alichowaandikia mawakala: usimuuzie mteja bima kwa kubahatisha, mkokotolee. Familia inatumia kiasi gani kwa mwaka? Ukifa kesho, watoto watasomeshwa na nini? Mimi nafanya hesabu hiyohiyo leo kwenye kompyuta, na hakuna aliyewahi kuniambia ilikotoka.

Muziki aliuandika usiku, mwisho wa wiki na likizo, na kwa miaka mingi hakukuwa na wa kuupiga. Mwaka 1922 alichapisha nyimbo 114 kwa fedha zake mwenyewe, akazigawa bure. Miaka michache baadaye alimwambia mkewe, Harmony, kwamba hawezi tena kutunga. Kila anachoandika hakimwingii sikioni. Simfoni yake ya tatu ilipigwa mara ya kwanza 1946, miongo kadhaa baada ya kuandikwa, na mwaka uliofuata ikampatia Pulitzer. Fedha za tuzo akazitoa. Simfoni ya nne ilisikika nzima 1965, mwenyewe keshalala hapa karibu miaka 11.

Hapo mimi nalalamika kwamba wimbo wangu mmoja umekaa kwa mwalimu wa kwaya tangu Pasaka.

Simu ikatetemeka mfukoni. Mteja, baba wa watoto watatu: anataka bima ile ya bei ya chini kabisa, niimalizie leoleo, yuko haraka. Kwa kawaida ningemkubalia palepale. Nikainuka, nikajikung'uta majani, nikamuuliza mtoto wake wa mwisho yuko darasa la ngapi.