Menyu za Zenmap: kazi kubwa haiko kwenye kitufe cha Scan

Wengi wanaofungua Zenmap, programu ya kukagua vifaa vilivyo kwenye mtandao, kwa mara ya kwanza huandika anwani kwenye kisanduku cha Target, wakaiacha profaili (seti ya chaguo za skani) ya Intense scan kama ilivyo, wakabofya Scan na kukaa wakitazama maandishi yakishuka. Yakikoma, wanafunga dirisha. Wamepata hali ya mtandao kwa siku moja na papo hapo wameitupa. Programu hii humfaa zaidi anayehifadhi skani ya leo, akailinganisha na ya wiki iliyopita, akajua na kuisoma ramani. Njia ya kufika huko ni menyu za juu ambazo wengi hawazifungui: Scan, Tools na Profile.

Tuanze na kitu kimoja kinachorahisisha mengine yote. Zenmap yenyewe haiskani chochote. Anayeskani ni Nmap, programu ya Gordon Lyon iliyotolewa Septemba 1997. Zenmap ni uso wake wa kubofya, uliokuja na toleo la 4.50 Desemba 2007. Kila unachochagua kwenye menyu huishia kuwa maandishi ndani ya kisanduku cha Command, na maandishi hayo ndiyo Nmap inayoyatekeleza. Yasome kila mara kabla ya kubofya Scan.

Chukua malalamiko haya ya kila siku: "Quick scan haioni rekoda ya kamera zangu." Ukitazama Command utaona `nmap -T4 -F`. Hiyo `-F` inaiambia Nmap ijaribu poti (milango yenye namba ambayo huduma za kifaa hupitia) 100 zinazotumika zaidi, badala ya 1,000 za kawaida. Poti 554, inayopitisha video za kamera nyingi, imo kwenye hizo 100. Poti 8291, ambayo Winbox huitumia kuingia kwenye ruta za MikroTik, haimo, ila imo kwenye zile 1,000. Poti 37777 ya rekoda za Dahua haimo hata kwenye 1,000. Hakuna profaili ya haraka itakayoiona mpaka uandike mwenyewe `-p 37777` kwenye Command, au utumie Intense scan, all TCP ports, inayopitia poti zote 65,535. Kisanduku hicho kinaandikika, wala huhitaji kufungua menyu yoyote kukibadilisha.

Kabla hujaenda mbali: skani mtandao wako, au ule ambao mwenyewe amekupa ruhusa, na ruhusa iwe kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina sheria yake ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao ya 2018, na zote mbili zinagusa kuingilia mifumo ya watu bila idhini. "Nilikuwa najifunza" haitakusaidia mbele ya mwajiri, sembuse polisi. Kama huna mtandao wa kujifunzia, waliotengeneza Nmap wameweka seva ya scanme.nmap.org kwa kazi hiyo, mradi usiiskani mara mia kwa siku.

Jambo la pili la mapema ni haki za mtumiaji. Kwenye Linux, ukifungua Zenmap kama mtumiaji wa kawaida, onyo litatokea, na ukilipuuza mambo yataharibika kimyakimya. Profaili zenye `-A` zitaendelea kufanya kazi lakini hazitatambua mfumo endeshi wa kifaa. Zenye `-O` au `-sS` zitakataa kabisa na kuandika QUITTING! kwenye kichupo cha Nmap Output. Kufungua programu nzima kwa haki za root, yaani msimamizi mkuu, hakukubali vizuri kwenye baadhi ya kompyuta zinazotumia Wayland, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye Linux. Njia safi ni kuskani kwa amri, kisha kuleta matokeo ndani ya Zenmap:

`sudo nmap -T4 -A -oX leo.xml 192.168.1.0/24`

Halafu nenda Scan, Open Scan, uchague leo.xml. Vichupo vyote vitajaa, ramani ikiwemo. Anayetumia seva isiyo na skrini naye anafaidika hapa: skani inafanyika kule, faili linasomwa kwenye kompyuta ndogo ya mezani. Kwenye Windows shida hii ni ndogo, bora Npcap, kiendeshi cha kutuma na kunasa pakiti, iwe imesakinishwa pamoja na Nmap. Waliowahi kuikosa Zenmap kwenye Linux yao wajue kwamba ilikuwa imekwama kwenye Python 2, toleo la zamani la lugha iliyoandikiwa. Imehamia Python 3 kuanzia Nmap 7.94 ya mwaka 2023.

Sasa menyu ya Profile. Ina vitu viwili tu: New Profile or Command, na Edit Selected Profile. Tofauti yake ni kubwa kuliko majina yanavyoonyesha. Edit hubadilisha profaili iliyopo moja kwa moja na kwa kudumu, na humo ndimo kilimo kitufe cha Delete. Ukitaka profaili inayofanana na Quick scan plus, chagua hiyo kwanza kwenye orodha, kisha bofya New Profile or Command. Chaguo zote zitanakiliwa, jina na maelezo yatabaki wazi uyajaze, na ya asili haitaguswa.

Kihariri kina vichupo kadhaa: Scan, Ping, Scripting, Target, Source, Other, Timing. Ukipeleka kishale juu ya chaguo lolote, maelezo yake yanatokea kulia, na kila unapoweka tiki amri inabadilika juu mbele ya macho yako. Kwa anayejifunza Nmap, hakuna shule nzuri kuliko hiyo. Kwa ofisi ya vifaa thelathini, hamsini hivi, profaili inayofaa kurudiwa kila wiki ni hii:

`nmap -sS -sV -O -T4 -F --traceroute`

Acha Target wazi ndani ya profaili, ili uitumie kwenye mitandao tofauti. Hapo `-sV` inauliza kila poti ni huduma gani na toleo gani, `-O` inakisia mfumo endeshi, na `--traceroute` ndiyo itakayoipa ramani njia za kuchora. Kuhusu printa usiwe na wasiwasi mwingi: Nmap kwa kawaida huruka poti 9100 inapouliza matoleo, kwa kuwa printa nyingi huchapa chochote kinachoingia hapo. Ila ukiweka `--allports` kinga hiyo inaondoka, na kuna mtu atakuta karatasi zimejaa takataka. Kama kuna kifaa cha zamani unachokiogopea, andika anwani yake kwenye sehemu ya kuacha vifaa, kichupo cha Target.

UDP, aina nyingine ya mawasiliano yenye poti zake mbali na zile za TCP, iache nje ya profaili ya kila wiki. Linux hubana majibu yake ya "poti imefungwa" hadi takriban moja kwa sekunde, kwa hiyo poti 1,000 za UDP kwenye kifaa kimoja zinaweza kula dakika 17, na poti zote za UDP za kifaa hicho zikapita saa 18. Anayechagua Slow comprehensive scan kwa mtandao mzima halafu akadhani programu imeganda, kwa kawaida ameangukia hapo. Ukihitaji UDP, taja poti chache: `-sU -p 53,123,161`.

Menyu ya Scan inaonekana ya kawaida, fungua, hifadhi, funga, lakini ina mtego. Skani zote unazofanya ndani ya dirisha moja, Zenmap huziunganisha kuwa orodha moja ya vifaa. Kwa mtandao mmoja hilo ni zuri sana: unaanza na Ping scan kuona nani yupo, kisha unakiskani kwa kina kifaa kimoja kinachokutia shaka, na taarifa zinajazana. Ila fundi anayehudumia ofisi mbili, zote zikitumia anwani za 192.168.1.0/24 kama ruta nyingi zinavyotoka kiwandani, akifungua faili za ofisi zote mbili kwenye dirisha moja, 192.168.1.10 ya huku na ya kule vitageuka kifaa kimoja kisichokuwepo popote. Kila ofisi na dirisha lake: New Window, Ctrl+N. Ukishachanganya, nenda kichupo cha Scans, chagua isiyohusika, bofya Remove Scan.

Kuhifadhi: chagua XML. Faili la .nmap ni maandishi ya kusomwa na binadamu, na Zenmap haiwezi kulifungua tena kama skani. Kama dirisha lina skani nyingi, Save All Scans to Directory inaziweka zote kwenye folda moja. Majina yaanze na tarehe, mwaka mbele: 2025-03-10-ofisi.xml. Folda itajipanga yenyewe.

Twende kwenye ramani, kichupo cha Topology. Kompyuta yako iko katikati, na kila duara kubwa linaloizunguka ni hatua moja zaidi ya ruta. Kama umeskani mtandao wako wa ndani tu, vifaa vyote vitakaa kwenye duara la kwanza, na hapo hakuna kosa lolote. Kama vyote vimeshikana na katikati kwa mistari myeusi ya vipande vipande, skani haikuwa na traceroute, na Zenmap imevibandika tu pasipo kujua njia. Mstari wa buluu ni njia iliyopimwa. Ukiwa mnene, majibu yanachelewa. Kiduara cheupe ni kituo cha njiani ambacho poti zake hazikuskaniwa. Umbo la mraba ni ruta, swichi au kituo cha Wi-Fi, lakini Zenmap inalijua hilo kwa kutambua mfumo endeshi, hivyo bila `-O` au `-A` hata ruta itachorwa kiduara. Kufuli ina maana kuna poti zinazochujwa na faiawoli.

Rangi ndizo zinazopotosha. Kijani ni kifaa chenye poti wazi chini ya tatu, njano ni tatu hadi sita, nyekundu ni zaidi ya sita. Zinahesabu poti, hazipimi hatari. Seva ya faili iliyotunzwa vizuri itakuwa nyekundu na haina tatizo. Kamera ya kijani yenye Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwa mbali bila usimbaji, wazi kwenye poti 23 ndiyo ya kukimbilia kwanza. Na kumbuka kwamba ramani inafuata njia za pakiti, haifuati nyaya. Swichi isiyo na anwani ya IP haitaonekana, wala hutajua kompyuta ya mhasibu imechomekwa tundu la ngapi. Kitufe cha Save Graphic hutoa picha ya PNG, PDF au SVG. Kwa ripoti ya kuchapishwa tumia SVG au PDF, ili herufi zisivurugike ukikuza.

Ukiona ruta peke yake kwenye Wi-Fi iliyojaa watu, usiilaumu skani. Mara nyingi kituo cha Wi-Fi kimewekwa kutenganisha wateja, na hakuna profaili itakayovuka hapo. Chomeka kebo, kwenye mtandao wa wafanyakazi, uskani tena.

Menyu ya Tools ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Compare Results, Ctrl+D, inakupa nafasi mbili: A Scan na B Scan. Weka ya zamani A, mpya B, na matokeo yanatoka hivi:

` 192.168.1.20:`
` PORT     STATE SERVICE`
`+3389/tcp open  ms-wbt-server`

Alama ya kujumlisha ni kilichoongezeka, ya kutoa ni kilichoondoka. Hapo kuna mtu amewasha Remote Desktop, huduma ya kuiendesha kompyuta kwa mbali, kwenye kompyuta hiyo tangu skani iliyopita, na una swali mahususi la kumuuliza. Mistari ya juu kabisa yenye tarehe hutofautiana siku zote; iruke. Linganisha skani za amri ileile tu. Ukiweka Quick scan upande mmoja na Intense upande wa pili, utapata mamia ya mistari isiyo na maana, maana moja imeangalia poti 100 na nyingine 1,000. Skani pia saa zilezile, la sivyo kompyuta zilizozimwa jioni zitaonekana zimepotea.

Chanzo kingine cha mistari ya uongo ni ruta inayogawa anwani upya. Ulinganishaji unafuata IP, kwa hiyo printa ikihama kutoka .31 kwenda .44 utaambiwa kifaa kimoja kimeondoka na kingine kimeingia. Kwa vifaa visivyohama, kama printa, kamera na seva, tenga anwani za kudumu kwenye ruta. Simu za watu ziache. Nyingi siku hizi hubadilisha hata MAC, namba ya kitambulisho cha kifaa kwenye mtandao.

Filter Hosts, Ctrl+L, inafungua kisanduku chini ya orodha. Andika `op:3389` na vinabaki vifaa vyenye poti hiyo wazi. Ukiandika `os:windows` vinabaki vya Windows. Haiskani upya, inaficha tu, kwa hiyo ukiona vifaa vimepungua ghafla, angalia kama kichujio bado kimejaa. Search Scan Results, Ctrl+F, inatumia lugha hiyohiyo lakini inatafuta ndani ya skani zilizopita, hata ambazo hukuzihifadhi kwenye faili: `op:23 after:-7` inaleta skani za siku saba zilizoona Telnet wazi. Hifadhi hiyo ya ndani, isipobadilishwa kwenye zenmap.conf, hutunza skani kwa siku 60 na baada ya hapo huzifuta. Skani utakayoihitaji mwakani isiachwe humo. Iweke kwenye XML.