Sanduku Lililokwenda Kulala Busia

"Njoo na mikono yako tu, shemeji. Vitu viko huku." Hivyo ndivyo aliniambia mume wa dada yangu, anayeishi Dunga, pembeni mwa Kisumu. Nikaitikia vizuri kwenye simu, kisha nikakaa Tanga wiki nzima nikijaza sanduku. Sisi watu wa pwani tuna kiburi chetu: ziwa tunaliona kama kisima kilichotanuka. Ningeamini vipi kwamba huko kuna pamba ya kalafati, ile ya kuziba mishono ya boti, au nanga ya maana?

Alikuwa amechongesha boti ya futi 24 ya kupeleka wageni kutazama viboko, akataka nikague mishono na kufunga mashine. Mashine yenyewe nilishaipata Tanga, nguvu ya farasi 15, ya Kijapani, kwa bei ya kirafiki. Wakala wa forodha wa Horohoro, mpakani na Kenya, ndiye aliyenipoza. Akanieleza kwamba ile hati rahisi ya uasilia, ya mzigo usiozidi dola 2,000, ni ya vitu vilivyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kikapu cha ukindu kitapita. Mashine ya Japani haigeuki kuwa ya Tanga kwa kuwa imelala Tanga miezi sita; ikivuka itadaiwa ushuru kama mgeni yeyote. Nikapiga hesabu nyuma ya kiberiti, nikamrudishia mwenyewe. Shemeji akanunua ya aina ileile Kisumu. Lakini propela yangu ya akiba sikuiacha. Niliifunga kwenye kanga kuukuu, nikailaza juu ya vipande vinne vya sinki, madini ya kuikinga mashine na kutu.

Horohoro, Lungalunga, feri ya Likoni, halafu basi la usiku kutoka Mombasa. Sina mengi ya kusema juu ya usiku ule ila magoti. Nakuru tulifika jua limeshatoka na baridi haijui kama limetoka; nilikula mayai mawili ya kuchemsha kwa ajili ya kushika kitu cha moto. Mau Summit tukakata kushoto, tukapita chai ya Kericho iliyonyolewa kama kichwa cha mtoto wa madrasa, tukateremka hadi Ahero kwenye majaruba ya mpunga. Hapo joto likarudi, na mimi nikasinzia.

Nikaamshwa Kisumu. Nikashuka na begi dogo, nikazunguka nyuma ya basi kungoja sanduku. Utingo akafungua buti, akavuta magunia mawili ya watu wengine, akafunga, akapiga ubavu wa gari. Nilikimbia hatua kama ishirini. Sanduku langu likaenda kulala Busia.

Lilirudi siku ya nne, na siku hizo tatu ndizo zilizonifundisha Kisumu. Asubuhi ya kwanza shemeji alinipeleka kwenye duka la vipuri vya mashine za boti. Nikaagiza sinki kama mtu anayejua anachotaka. Kijana wa kaunta akanitazama. "Mzee, hiyo ni ya maji ya chumvi. Hapa inalala tu."

Na ni kweli, ingawa ilinichukua muda kukiri. Baharini tunafunga sinki ili kutu imle yeye kwanza, iache bodi ya alumini ya mashine. Kwenye maji yasiyo na chumvi sinki hujifunika utando mweupe, ikakaa bila kulika, na kinacholika ni mashine. Akanitolea kipande cha magnesi, chepesi hata nikadhani ni cha plastiki. Miaka yote nimefunga mashine, na kijana aliyezaliwa juzi akanifunga mdomo kwa kipande cha madini kinachoingia kiganjani.

Jioni nilitembea hadi karibu na bandari, nikamkumbuka William Mackinnon, si mtu, meli. Iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikavushwa bahari hadi Mombasa, na sehemu ya safari ya bara vipande vikabebwa na wapagazi. Ilishushwa majini hapa Kisumu mwaka 1900, kabla reli haijafika. Reli ilifika Desemba 1901. Nilijiuliza mpagazi aliyebeba bati lile aliambiwa ni la nini. Angalau lake halikupitiliza hadi Busia.

Sanduku lilipofika nilikuwa bado mbishi. Nikafunga propela yangu, inchi 9¼ kwa 11. Ile 9¼ ni upana wake; 11 ni inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa mbao. Tukapakia watu sita, na boti ikazama zaidi kidogo kuliko nilivyozoea, maana maji ya chumvi hubeba zaidi. Shemeji akafungua mafuta hadi mwisho. Mashine ikanguruma kwa sauti nzito ya mtu anayepanda ngazi na gunia, na pua ya boti haikulala.

"Mashine mbovu?" akauliza shemeji.

Haikuwa mbovu. Ziwa hili liko mita 1,134 juu ya bahari. Mashine hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo wale farasi 15 wakifika Kisumu wamebaki 13 na ushei, nami nimewapa mzigo wa pwani. Tukarudi kwa kijana yuleyule. Hakusema neno, na ningependa angesema. Akatoa ya inchi 9¼ kwa 9. Safari hii mashine ikaimba na pua ikalala.

Tulikuwa tumevuka mlango wa Dunga tulipoingia kwenye magugu maji. Ule uzi wa maji unaoruka ubavuni mwa mashine, wa kuonyesha kwamba inapoa, ukakonda, ukawa matone, ukakatika. Shemeji akazima, akainua mashine, akaanza kuchomoa mizizi myeusi kwenye tundu za kunyonyea maji, mmoja mmoja, huku akinipigia hadithi ya mbuta. Samaki mwenyewe ni sangara wetu wa Mwanza.

Katika sanduku zima kilichopata heshima ni pamba ya kalafati na chuma chake. Mzee aliyechonga boti, wote wanamwita jaduong', alikuwa amepakia pamba kwenye mishono na kufunika kwa vipande vya bati vilivyopigiliwa misumari. Nikamwonyesha tunavyoisokota na kuigonga. Akakishika kile chuma, akakipima ubapa kwa kucha ya dole gumba, akagonga mara tatu kwenye mshono.

"Hiki utaniachia," akasema. Hakuwa anauliza.

Sanduku likarudi jepesi. Mpakani afisa akalifungua, akaokota kipande cha sinki, akakigeuza geuza.

"Hii ni nini?"

"Sinki ya mashine ya boti, bwana. Inarudi baharini."