Ndoo ya Lita 20

Alfajiri moja ya mwaka 2018, tulipokuwa tunaishi Tandika na maji yakitoka kwa mgao, niliinama kuinua ndoo ya lita 20 huku nimejipinda upande. Nilihisi kitu kimefyatuka kiunoni, kisha maumivu yakashuka kwenye tako na nyuma ya paja hadi kwenye kigimbi cha mguu wa kushoto.

Wiki tatu nililala kwenye mkeka, nimejifunga mkanda wa kiuno, kwa sababu jirani aliyenihurumia kwa dhati aliniambia kuwa mgongo uliotenguka hautikiswi. Nilimwamini. Siku nilipojaribu kusimama miguu ilitetemeka, nami nikasadiki kwamba ninapooza.

Hospitalini nilipokewa na mtaalamu wa fiziotherapia, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Baada ya kuniamkia, na kabla hajaugusa mgongo wangu, aliniuliza kama nimeshindwa kuzuia haja, kama nina ganzi sehemu za siri, kama nina homa au ninakonda. Alinieleza kuwa mawili ya kwanza yangemlazimu kunipeleka kwa daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, na mawili ya mwisho yangemfanya ahofie kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kisha akaweka kidole chake juu ya kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto.

"Kiinue, mama, nami nitakizuia."

Nikakiinua. Kilimshinda nguvu, naye akatabasamu.

Nilisisitiza nipigwe eks-rei. Alinijibu kwa upole kwamba eks-rei huonyesha mifupa, si diski iliyo kati ya pingili wala neva inayobanwa nayo. Kwamba diski iliyotokeza mara nyingi husinyaa yenyewe. Na kwamba wapo wengi wenye diski za namna hiyo wasiosikia maumivu yoyote. Udhaifu wa miguu yangu, alisema, ulitokana na kulala. Nililia pale kitandani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Alinitaka nivue mkanda na nitembee kila siku, hata kama ninaumia kidogo. (Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno, nalo lilishauri mikanda hiyo isitumiwe kama tiba ya kawaida.) Nilianza kwa kufika kwenye kona ya mtaa wetu, baadaye hadi sokoni. Mwezi wa tatu nilichuchumaa mbele ya ndoo iliyojaa nusu, nikaisogeza karibu na tumbo, nikainuka nayo taratibu, jirani yangu akinitazama kutoka mlangoni, mkono mdomoni.